Sheria Uani: Jinsi Dola Ilivyoingia Nyumbani Mafinga

Anayejenga nyumba Mafinga leo hukutana na sheria kabla hajakutana na fundi. Kiwanja chake kimeandikiwa matumizi, ramani yake inahitaji kibali, choo chake hukaguliwa na bwana afya, na jirani yake anayeuza pombe ya komoni uani anatakiwa awe na leseni. Ni rahisi kudhani kwamba masharti haya yaliletwa na Halmashauri ya Mji wa Mafinga, iliyoanza mwaka 2015. Ukweli ni kwamba halmashauri iliyakuta. Mengi yana umri mkubwa kuliko mji wenyewe, na ili kuelewa kwa nini dola inajishughulisha na mahali mtu anapolala, kinywaji anachokunywa na zao analopanda chini ya dirisha lake, inabidi tuanzie kwenye vita.

Mafinga ipo katika nyanda za juu za Mufindi, kusini-magharibi mwa Iringa, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya. Karne ya 19 ilipokaribia kwisha, nchi hii ilikuwa chini ya himaya ya Wahehe, na upande wa kusini waliishi Wabena. Watu walikaa wametawanyika, kila ukoo karibu na mashamba yake, wengine katika tembe zenye paa bapa la udongo na wengine katika nyumba za nyasi. Si kwamba kila mtu aliishi atakavyo. Mila ilisema nani ajenge wapi, mke wa pili akae upande gani, na pombe ya kwanza apewe nani. Lakini msimamizi wa kanuni hizo alikuwa mzee wa ukoo au mwakilishi wa mtwa, yaani mtawala, mtu aliyejulikana kwa sura na kwa jina la baba yake, na wala hapakuwa na mtu aliyepita akihesabu nyumba.

Kuhesabu kulianza na Wajerumani. Waliiteka ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, lakini Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliendelea kupigana nao hadi kifo chake tarehe 19 Julai 1898. Vita vya namna hiyo vilikula fedha, na Berlin ilitaka koloni lianze kujitegemea. Hivyo Novemba 1897, Uhehe ikiwa bado inawaka moto, utawala wa Gavana Eduard von Liebert ulitangaza kodi ya nyumba, nayo ikaanza kutozwa mwaka uliofuata. Kiwango cha kawaida vijijini kilikuwa rupia 3 kwa nyumba kwa mwaka, na nyumba za mijini zilitozwa zaidi.

Kwa nini nyumba, na si mtu au ng'ombe au shamba? Sababu ya kwanza ni ya kiutawala. Mtu hukimbia na ng'ombe huswagwa usiku, lakini nyumba hubaki palepale ikimsubiri askari. Sababu ya pili ni nguvukazi: mwenye kodi ya kulipa na asiye na rupia alilazimika kwenda kuzitafuta kwenye mashamba na kazi za Wazungu. Zipo hoja kwamba lengo kuu lilikuwa mapato, na zipo hoja kwamba lilikuwa kuwatoa watu majumbani wakafanye kazi. Naona hoja ya pili ina uzito zaidi kwa miaka ya mwanzo, kwa kuwa utawala ulikubali kulipwa kwa mazao na hata kwa kazi ya kibarua. Serikali inayotaka fedha tu isingekuwa na subira hiyo. Baadaye, hesabu za koloni zilipoanza kutegemea kodi hiyo, mapato yakashika nafasi ya kwanza.

Matokeo yake yaliingia hadi chumbani. Kila paa lilipopata bei, watu katika sehemu nyingi za koloni walianza kubanana: kijana aliyekuwa ajenge nyumba yake akaendelea kulala kwa baba, na mume wa wake wawili akapiga hesabu mara mbili kabla ya kumjengea wa pili. Hapakuwa na sheria iliyosema familia ikae vipi. Kodi peke yake ilitosha kubadili namna watu walivyoishi, na hilo tutaliona tena.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliendeleza kodi ya nyumba na kuongeza ya kichwa kwa mwanamume asiye na nyumba, ili aliyejificha chini ya paa la baba yake asipone. Nyumba za wake wa ziada nazo zilitozwa. Mwaka 1923 sheria ya ardhi ilitangaza kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana, na kwamba mtu ana haki ya kuitumia tu. Msingi huo haujatikiswa hadi leo. Kilichobadilika ni kwamba mdhamini wake sasa ni Rais.

Hatua kubwa zaidi kwa maisha ya kila siku ilikuja mwaka 1926. Gavana Donald Cameron aliamini kwamba nchi itawaliwe kupitia wakuu wake wa asili, na mwaka huohuo Sapi, mwana wa Mkwawa, alitambuliwa kuwa mkuu wa Wahehe. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji iliwapa wakuu kama yeye uwezo wa kutoa amri kuhusu pombe, kamari, kubeba silaha, kukata miti na kuchafua maji. Kwa maneno mengine, mambo ambayo zamani mzee aliyasema kwa mila, sasa mtwa aliyasema kwa niaba ya bwana shauri, ofisa wa kikoloni wa wilaya, na aliyeyavunja alitozwa faini iliyoandikwa kitabuni. Hapa ndipo ilipozaliwa ile tunayoiita sheria ndogo.

Katika hayo yote, pombe ndiyo iliyoleta mvutano mrefu kuliko mengine. Mkataba wa mwaka 1919 baina ya mataifa makubwa ulikataza biashara ya pombe kali kwa Waafrika, na masharti ya udhamini wa Tanganyika yalidai udhibiti huohuo. Kwa hiyo Mwafrika alizuiwa kunywa pombe kali ya chupa, akazuiwa kukeneka, na pombe ya kienyeji iliyouzwa ikawekewa leseni. Vikwazo vya rangi vililegezwa hatua kwa hatua hadi miaka ya 1950. Wamisionari walisema sheria hizi zinalinda afya na maadili, na walowezi wakasema zinawaamsha vibarua asubuhi. Wenye kushika daftari hawakusema mengi, lakini ada za leseni ziliingia katika hazina za wenyeji, na hazina ikishazoea fungu fulani la fedha haiombi likauke. Sababu hizi tatu zilikaa pamoja bila kugombana, kwa kuwa kila upande ulipata ulichotaka mradi unywaji uwe na saa, mahali na kibali.

Tatizo ni kwamba sheria hizo ziliandikwa kwa kumfikiria mpishi wa pombe, mwenye chungu, kimea na kuni. Ulanzi, pombe ya mwanzi ya Mufindi na Njombe, haupikwi. Mvua zinapoanza, mwanzi uliopandwa karibu na nyumba huchipua. Chipukizi likifika kimo chake mgema hulikata ncha, hulitega chombo, nalo huanza kudondosha maji matamu. Asubuhi na jioni hurudi kuparua upya pale alipokata, maana jeraha likikauka utomvu hukatika. Kinachokingwa alfajiri ni mtogwa, ambao hata mtoto hunywa. Kikiachwa kwenye mbeta ya mwanzi, huchacha chenyewe, na kesho yake ni mkangafu, unaomlaza mtu mzima. Sasa, mtengenezaji wa pombe hii ni nani, na aliitengeneza saa ngapi? Ofisa aliyetaka kuidhibiti angelazimika kukataza mwanzi wenyewe, na mwanzi ni kapu, uzio, mbeta na urithi wa mtoto. Ndiyo maana katika eneo hili udhibiti uliishia kwenye kuuza, kilabuni, na haukufika shina.

Wakati huohuo walowezi walikuwa wanaongezeka. Tangu katikati ya miaka ya 1920 Waingereza na Wajerumani walichukua mashamba Sao Hill na Mufindi, na chai ikaanza kutanda kwenye mteremko wa mashariki. Barabara ya kwenda Mbeya ilivuta maduka na gereji kwenye njia panda, na hapo ndipo mbegu ya Mafinga ilipoangukia. Lakini palikuwa mahali padogo mno kuhitaji mipango miji. Mipango hiyo ilikuwa inapikwa Dar es Salaam, nasi hatuna budi kupita huko, kwa sababu iliyofika Mafinga baadaye ni ileile.

Waingereza hawakuweza kuandika waziwazi kwamba mtaa huu ni wa Wazungu na ule wa Waafrika, kwa kuwa walikuwa wanatawala kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Walichofanya ni kugawa mji kwa viwango vya ujenzi. Upande mmoja nyumba iwe ya mawe au saruji, kwenye kiwanja kikubwa. Upande mwingine hata udongo na makuti vinaruhusiwa. Wenyeji waliita matokeo yake kwa majina yaliyo wazi zaidi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mpango wa jiji wa mwaka 1949 uliyaweka mambo hayo katika lugha ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Wapo waliotetea utaratibu huu kwa hoja ya malaria na moto, na si uongo kwamba makuti yaliungua mara nyingi. Ila hoja ya afya haielezi kwa nini wasiougua wapewe viwanja vyenye bustani. Uhuru ulifuta rangi. Viwango vya msongamano vikabaki, na leo mnunuzi wa kiwanja Mafinga bado anaulizwa kama anataka cha msongamano mkubwa au mdogo, kwa bei tofauti.

Baada ya mwaka 1961 ingetarajiwa dola ilegeze mkono majumbani. Ilitokea kinyume, na sababu yake inaeleweka: serikali ya wakoloni ilitaka kodi na utulivu, lakini serikali ya TANU ilitaka kubadili maisha. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu, uliokuwa wa wachache, ulifutwa. Katikati ya miaka ya 1960 ukaundwa mfumo wa mjumbe wa nyumba kumi, na nyumba ikawa kipimo cha siasa kama ilivyokuwa kipimo cha kodi. Bunge lilipitisha sheria ya moshi, yaani gongo, mwaka 1966, na sheria ya vileo mwaka 1968, yenye leseni na saa za kuuza. Spika wakati huo alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, mwenyeji wa nchi ya ulanzi. Mwanzoni mwa mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Hiyo ilikuwa zaidi vurugu za Dar es Salaam, na haikudumu.

Kilichodumu kilitokea Iringa. Desemba 25, 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi Isimani na mkulima Said Mwamwindi, katika mgogoro uliotokana na kusukuma kilimo cha ujamaa. Miezi michache baadaye, Mei 1972, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa na kupitisha azimio la Siasa ni Kilimo. Kisha Novemba 6, 1973, Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba wananchi wote wa mashamba wawe wamehamia ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Mkoani Iringa operesheni kubwa ilikuwa mwaka 1974. Familia zilizotawanyika zilihamishwa, nyumba nyingine zikabomolewa ili mwenyewe asirudi, na mpya zikapangwa kwa mstari kandokando ya barabara. Sheria ilifuata nyuma ya malori: ni mwaka 1975 ndipo Bunge lilipoweka kwamba kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250.

Kwa nini nguvu, baada ya miaka mingi ya kusema ujamaa ni hiari? Maelezo rasmi ni huduma: huwezi kupeleka shule, zahanati na bomba kwa watu walioachana kilomita nzima. Maelezo ya wakosoaji ni udhibiti: waliokusanywa ni rahisi kuwasimamia na kuwahimiza kulima. Wapo pia wanaotazama kalenda na kusema kwamba kifo cha Klerruu kiliifanya serikali iache kusubiri. Sioni haja ya kuchagua moja. Huduma zilikuja kweli, na vijiji vingi vya Mufindi vilipata shule kwa sababu ya mpango huo. Lakini mistari iliyonyooka ya nyumba, mbali na mashamba ya zamani, ilipangwa na mtu aliyefikiria ukaguzi kuliko mavuno. Mkulima alipata shule mlangoni na shamba milimani.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo ilikuja kampeni moja ambayo watu waliipokea kwa namna nyingine kabisa. Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, ilitumia redio. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba. Kiasi cha watu milioni 2 walishiriki nchini, na vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Faini zilikuwapo, na ziliendelea kuwapo hadi kwenye Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, lakini kipindupindu kilipoenea nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, mwenye choo hakuhitaji kuelezwa faida yake. Kati ya amri zote za karne ya 20, ya choo ndiyo iliyoshika mizizi zaidi, kwa kuwa sababu iliyotangazwa ilikuwa ndiyo sababu yenyewe.

Miaka ya 1980 ilirudisha mambo ya zamani kwa majina mapya. Serikali za mitaa, zilizovunjwa mwaka 1972, zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, pamoja na uwezo wa kutunga sheria ndogo na kutoza. Kodi ya maendeleo ikachukua nafasi ya kodi ya kichwa, na mgambo wakarudi milangoni alfajiri hadi ilipofutwa mwaka 2003. Mwaka 1983, chini ya kampeni ya Nguvu Kazi, asiye na kazi inayotambulika mjini aliweza kukamatwa na kupelekwa shamba.

Kisha kukaja kisa cha mahindi, ambacho kinaonyesha jinsi dola inavyoweza kusahau ilichosema jana. Katika miaka ya 1970, chini ya Siasa ni Kilimo na Kilimo cha Kufa na Kupona, kila mtu alihimizwa kulima, mjini na shamba. Uchumi ulipobana na mishahara ikaisha katikati ya mwezi, hata karani alifuga ng'ombe nyuma ya nyumba. Mambo yalipotulia, watunga sheria waliona miji imegeuka mashamba. Dar es Salaam iliweka sheria ndogo ya ng'ombe wasiozidi wanne, wafungiwe ndani, na kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zikaweka ukomo wa ekari 3 kwa mtu. Halmashauri nyingi zikakataza mazao marefu karibu na nyumba, kwa hoja kwamba mahindi huficha wahalifu na kuzaa mbu. Hoja ya wahalifu ina ukweli wake kwenye vichochoro visivyo na taa. Ya mbu haina nguvu Mafinga, mji ulio juu ya mita 1,800, ambako Julai baridi huunguza majani ya viazi. Kwa hiyo mahindi yanaendelea kuota kati ya nyumba na nyumba, na watendaji wengi hupita wakiyatazama, maana na kwao yapo.

Sheria za Ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, ziliweka mpaka ambao Mafinga inauishi kila siku. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mtu anaweza kupata hati ya kimila. Kiwanja cha mjini kina miliki ya miaka, ramani, na sharti la kuendelezwa, kwa kawaida ndani ya miezi 36. Mji ulipopewa halmashauri mwaka 2015, mipaka yake ilikumbatia kata za mjini kama Boma, Changarawe, Kinyanambo na Upendo, lakini pia kata za mashambani kama Isalavanu, Rungemba na Bumilayinga. Huko mtu anaweza kulala mkulima wa kijiji na kuamka, baada ya wapima kupita, akiwa mmiliki wa kiwanja cha makazi chenye shamba la miti lisiloruhusiwa na matumizi yake. Migogoro mingi ya pembezoni mwa miji yetu huanzia hapo, na haitatuliwi kwa kumwambia mzee kwamba sheria iko wazi.

Amri za karibuni zimekuja kwa kasi zaidi. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku Machi 1, 2017, na mifuko ya plastiki Juni 1, 2019. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilihamishiwa kwenye umeme: anayenunua LUKU alianza kukatwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, viwango vilivyopanda mwaka 2023 hadi 1,500 na 7,500. Mantiki ni ya Liebert: mita, kama paa, haikimbii. Tofauti ni kwamba askari hana haja ya kuja.

Na kwa kuwa mwenye mita si lazima awe mwenye nyumba, wapangaji wengi wamekuwa wakilipa kodi isiyo yao. Kodi ya jengo ni deni la mwenye jengo. Anayepanga Kinyanambo au Upendo na kununua umeme kwa jina lake atunze ujumbe wa kila makato, na siku ya kulipa pango apatane na mwenye nyumba fedha hiyo ipunguzwe.